Mzee Patrisi Gwandu na Vifaa Vilivyogeuzwa Ukutani

Baba Paroko, wazee wetu, akina mama, na majirani mliokaa nasi tangu Jumamosi, ninayesoma ni Inosenti, mwana wa kwanza wa marehemu, kwa niaba ya familia.

Baba yetu alizaliwa Qurus tarehe 4 Oktoba 1927, akabatizwa mwaka uliofuata, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1942 baba yake alipougua na ng'ombe wakakosa wa kuwachunga.

Mwaka 1947 aliajiriwa katika shamba la kahawa Oldeani, kwenye karakana ya matrekta, na huko aliona trekta ambalo kila mtu aliliendesha, fundi wake alikuwa ameondoka, wala hakuna aliyeuliza nani anaangalia breki, mpaka lilipoteremka mlimani peke yake na kumuua kijana aliyelala kivulini. Baba hakupenda kulisimulia jambo hilo, lakini hakulisahau.

Alifunga ndoa na mama yetu, Katarina, tarehe 12 Juni 1954, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Germana na Raphaeli, na wajukuu saba.

Mwaka 1975, tulipohamia kijijini na vifaa vya watu wote vikawekwa katika ghala moja, alichaguliwa kulitunza, akaweka utaratibu mnaoufahamu, kwamba kila kifaa kiwe na mlezi wake, na kila baada ya mavuno mlezi aje, aweke mkono juu yake, aulizwe kama bado ni chake. Akisema bado, kifaa kilitazama mlango na watu waliazima, na asipokuja, kiligeuzwa ukutani wala hakuna aliyekigusa hadi apatikane mlezi mwingine. Wengi walimcheka kwamba anayaita majembe kwa majina kama wanafunzi, na mama alipoulizwa kisimani kama sufuria bado ni lake, alijibu kwamba sufuria ni lake, mume ndiye ambaye hana uhakika naye.

Pampu ya kunyunyizia dawa ya kupe ililelewa na Clemensi, mtoto wa shangazi yetu, ambaye mwaka 1983 alipata kazi Arusha. Alikuwa akirudi kila Krismasi, na Krismasi iliyopita baba alimwuliza njiani, watu wakitoka kanisani, naye akajibu kwa heshima, kama sisi sote tunavyomjibu mzee, kwamba bado ni yake. Pampu ikaendelea kutazama mlango, huku mpira wake ukikauka.

Tarehe 11 Machi mwaka huu, 1986, kupe walipozidi, baba aliichukua mwenyewe kwenda kunyunyizia ng'ombe wa rafiki yake Saning'o, mpira ukapasuka kwenye kiungo, dawa ikamwagika usoni na kifuani, na kabla ya jioni hakuweza kusimama. Alilazwa hospitali siku hiyohiyo, na maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri yalikuwa, "Geuzeni pampu ukutani. Msingoje Clemensi aje." Alifariki tarehe 15 Machi, alfajiri.

Familia haimlaumu Clemensi, ambaye yuko hapa pamoja nasi, kwa maana vifaa vingi vinavyotazama mlango leo vimejibiwa vivyo hivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, Saning'o na ndugu zake waliombeba hadi barabarani, majirani walioleta kuni, maji na mahindi, na wazee wa kamati ya ghala waliofanya kazi naye miaka yote.

Tuna ombi moja kabla ya kwenda kaburini. Kamba za kuteremshia jeneza ni za ghala, na mlezi wake alikuwa baba mwenyewe, kwa hiyo kwa utaratibu wake zilipaswa kuwa ukutani, lakini tumezitoa kwa sababu kijiji hakina nyingine. Mwezi wa Januari alimwonyesha mama mahali ambapo moja imeanza kulika, akasema ataisuka upya kabla ya masika, na masika yameanza. Zimelazwa kando ya kaburi tangu asubuhi, na hakuna aliyeweka mkono. Tunaomba mmoja wetu asogee, azikague mbele ya watu wote, ndipo aseme ni zake, na tutasubiri.

Baba, umetuuliza vya kutosha. Lala kwa amani, sasa ni zamu yetu kujibu.