Futi ya Mama Lete

Hivi wewe unayenisikiliza, mara ya mwisho kupimwa nguo ilikuwa lini? Sisemi kununua iliyotundikwa dukani. Nasema kusimama wima, mikono umeiachia, mtu anakuzungusha kama mtoto na kukwambia, "Pumua vizuri, usinifiche hilo tumbo."

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sauti yangu ni nzito kidogo, mnivumilie. Tunamkumbuka mama mmoja, bibi wa wajukuu wengi, aliyezikwa wiki iliyopita. Watu walimwita Mama Lete. Narudia, Mama Lete. Jina hilo alipewa na mtaa mzima kwa sababu ya neno lake moja. Ukija na suruali imechanika, anakwambia, "Lete." Ukija na redio imekufa, "Lete." Mtoto ana kichwa timutimu na kesho shule, "Lete." Haulizi umefanyaje mpaka ikawa hivyo. Ananyoosha mkono tu.

Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa fundi redio. Alikuwa msusi. Na sauti ya kuimba alikuwa nayo. Pakiwa na shughuli yeye ndiye anayeanzisha, wengine wanadakia.

Ufundi wa redio hakufundishwa na mtu. Marehemu mumewe aliifungua redio yao ikamshinda, akatia skrubu kwenye kikombe, akaenda kazini amenuna. Aliporudi akakuta redio inaongea, mkewe anachambua mchele. Kwenye kikombe imebaki skrubu moja.

"Na hii?" aliuliza mume.

"Hiyo walizidisha," alijibu mke, wala hakuinua kichwa.

Redio hiyo, wasikilizaji, mpaka leo inaongea. Huenda sasa hivi ndiyo inayowaletea sauti yangu.

Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani ya miguu karibu na dirisha, kopo la vifungo, na sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi. Ukiingia na soksi, unatoka na nyuzi za rangi zote. Shingoni mwake futi. Futi ya kitambaa, ile laini, namba za mwanzo zimefutika kwa kushikwa. Kwa hiyo Mama Lete hakuanzia mwanzo. Alianzia kumi, halafu anaipunguza ile kumi kichwani. Shikeni hilo, wapendwa: alianzia kumi.

Mtaa mzima alikuwa ameupima. Mtu mmoja tu aliacha kumpima, naye ni bintiye wa kwanza. Nyumbani wanamwita Dada Mkubwa.

Alimpima mara moja, alipokuwa msichana wa shule. Baada ya hapo, basi. Kila mwaka anamshonea gauni, na kila mwaka binti anasimama mbele ya cherehani, anasubiri.

"Mama, hunipimi?"

"Nikupime wewe? Wewe nakujua kama kiganja changu. Sogea, unanizibia mwanga."

Gauni likija linabana mabegani. Kila mwaka linabana. Maana mama alikuwa akikata kwa mwili wa yule msichana wa shule, na huyu sasa ni mtu mzima, mpiga pasi kwa dobi, siku nzima amesimama anasukuma chuma cha moto. Mabega yamepanuka. Basi Dada Mkubwa analipokea gauni kwa mikono miwili, anashukuru, analibeba mpaka kwa dobi, na huko anafumua mshono kwa wembe na kuuachia kidogo. Akirudi nyumbani amelivaa, mama anatabasamu. "Unaona? Nilikwambia nakujua."

Hakumwambia. Angemwambiaje?

Kisha uzee ukaja, wasikilizaji. Miguu ndiyo iliyoanza kukataa, macho yakafuata. Dada Mkubwa akitoka kwa dobi, hata viatu hajavua, anamwinua mama, anamwogesha, anamlisha, anambadilishia shuka. Dada Mkubwa mwenyewe alipokuja hapa studioni, viatu ameviweka kando, miguu imevimba, aliniambia, "Mama mtangazaji, mimi sikulia msibani. Nilikuwa nasinzia." Alisema hivyo taratibu, na mimi nilimwelewa.

Na kazi hazikuisha. Mtu anabisha hodi, na kutoka kitandani inatoka sauti, "Lete!"

"Mama, hiyo kazi nani ataifanya?"

"Sisi."

"Sisi akina nani?"

"Mimi nimeshapokea, wewe shona. Si tumegawana?"

Siku moja mwenye bucha alifuata suruali yake. Akaigeuza, akaitazama pindo, akatikisa kichwa. "Mkono wa Mama Lete hauzeeki! Tazama mshono huo!" Dada Mkubwa alikuwa pale pale, anaokota nyuzi kwenye sketi yake.

"Kweli," alisema, "hauzeeki."

Kitandani mama akacheka kimyakimya mpaka shuka likatikisika.

Sasa sikilizeni hili. Jioni moja, Dada Mkubwa alikuwa anamwinua kwenda kuoga. Alimwambia kama siku zote, "Nishike mabegani, mama." Mama akashika. Halafu hakuinuka. Akapapasa bega la kulia, akapapasa la kushoto, akarudi tena la kulia. Macho hayaoni, lakini vidole vya fundi vilikuwa macho bado.

"Haya mabega ya nani?"

"Yangu, mama."

"Tangu lini?"

"Zamani."

Mama akaendelea kupapasa. Akaupata ule mshono wa bega la gauni, ule uliofumuliwa na kuachiwa, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho wake.

"Huu si mkono wangu," alisema. Halafu akanyoosha mkono wake. "Lete futi."

Futi ilikuwa imetundikwa kwenye cherehani, chumba cha mbele. Si mbali. Lakini maji yalikuwa yanapoa, nguo za watu zimerundikana, na mgongo wa Dada Mkubwa ulikuwa unawaka kama ile pasi yake.

"Kesho, mama. Leo nimechoka."

"Haya, mwanangu. Kesho."

Asubuhi Mama Lete aliamka hasemi. Kabla ya jua kufika kichwani, alikuwa ametutoka.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa familia. Pole kwa Dada Mkubwa. Pole kwa mdogo wake, dereva wa malori, aliyesafiri njia ndefu asimkute. Pole kwa wajukuu, na kwa mtaa mzima uliozoea kuitikiwa "lete". Mungu ampumzishe mama yetu, na nyie mliobaki awape usingizi, maana najua mnauhitaji.

Na wewe uliye nyumbani, mtazame huyo unayesema unamjua. Umemjua lini? Inawezekana unamjua wa zamani. Na wewe uliyechoka kwa kuuguza, usijihukumu kwa neno "kesho". Mchovu naye ni mtu.

Nina kipande kimoja kimebaki, nimekiweka mwisho kwa makusudi.

Baada ya mazishi, viti vya kuazima vikiwa vimerudishwa, walikaa chumba cha mbele. Mdogo mtu akasema kila mmoja achukue kitu cha kumkumbukia mama. Yeye akachukua redio. Cherehani wakampa mjukuu, binti wa Dada Mkubwa, anayejifunza ushonaji. Msichana akavaa na ile futi shingoni.

"Na wewe, dada?"

"Chochote."

"Chochote ndiyo kitu gani? Maisha yako yote chochote, chochote! Ukiulizwa chai au maji, chochote. Hebu leo taja kitu, hata kama ni hili kopo la vifungo."

"Mama, sema," alisema mjukuu. "Ulitaka nini?"

Dada Mkubwa alitazama sakafu, zile nyuzi za rangi zote ambazo hakuna aliyezifagia. Kisha akainuka, polepole, mkono kiunoni kwa uchovu. Akaenda akasimama mbele ya cherehani, pale pale alipokuwa akisimama kila mwaka. Akasogea pembeni kidogo, asizibe mwanga. Akaiachia mikono.

"Nilitaka anipime," alisema. "Hilo tu. Nipime wewe, mwanangu. Anzia kumi."