Historia ya Mama Mapazia, Aliyeishi Nyumba ya Vioo

Ndugu, jirani na marafiki mliofika kumsindikiza, familia inaomba masikio yenu kwa muda mfupi, tusimulie maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mapazia. Baba ameyasikia maandishi haya kabla yenu, akasema yasomwe yalivyo.

Mama alizaliwa tarehe 3 Juni 1969, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne wa mshika bendera wa stesheni, akalelewa katika chumba kimoja chenye dirisha la ubao lililofungwa kwa kipande cha mpira, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba humo ndani walibanana, lakini ukishajifunika shuka ulikuwa umekwenda zako.

Alianza shule ya msingi mwaka 1977, akamaliza darasa la saba mwaka 1983, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuendelea, shangazi yake alimchukua akamfundisha cherehani, akawa fundi wa mapazia mwenye mkono mwepesi, hata wateja wakazoea kusema kwamba pazia la huyu binti likishuka, jua lenyewe linapiga hodi.

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na baba, fundi wa milango na madirisha ya vioo yenye fremu za chuma na alumini, maana mwaka 1990 waliitwa wote wawili kwenye nyumba moja mpya, baba kufunga vioo na yeye kupima mapazia, wakabishana tangu asubuhi, baba akidai anafichiwa kazi yake, naye akimjibu, "Wewe fungua, mimi nafunga, mwenye nyumba atachagua," na ubishi huo ukazaa ndoa iliyofungwa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa watoto watatu, wa kike mwaka 1993, na wa kiume mwaka 1996 na 2001.

Mwaka 1998 baba alivunja ukuta wa mbele wa nyumba yao, unaotazama barabara, akasimamisha fremu za chuma kutoka sakafuni hadi darini, vioo vitupu sebuleni na chumbani, na mlango wa kusukuma pembeni ulioteleza bila mlio, ili mteja akija asielezwe kwa maneno bali aone kwa macho jinsi nyumba inavyopata mwanga, na kweli kazi zilimiminika, watoto wakasoma, jiko halikukosa moto, lakini tangu siku hiyo mama akawa anaishi ndani ya duka.

Wateja walifika asubuhi wakamkuta anachana nywele, walifika mchana wakamkuta anakula, wakabandika vipaji vya nyuso kwenye kioo, wakagonga fremu, wakauliza bei huku yeye amekaa upande wa pili na kijiko mkononi, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa mbele za watu, aliwaambia, "Karibuni mtazame, ila mimi siuzwi," wakacheka, baba naye akacheka, na yeye akaondoka na sahani kutafuta pa kumalizia chakula. Vioo vile vikubwa havikuwa vya kufunguka, jua la alasiri likiingia lilikuwa halitoki, na akisogeza mlango apate upepo, wapita njia walidhani wamekaribishwa.

Mwaka 2001, alipotoka hospitali na kitindamimba, alitundika pazia chumbani anyonyeshe kwa utulivu, lakini halikumaliza wiki, akaja mkandarasi, baba akamwambia kwa upole, "Mama watoto, huyu amekuja kununua mlango au kitambaa?", naye akalishusha, akalikunja, akaingia na mtoto kwenye korido iliyo kati ya jiko na stoo, mahali pekee katika nyumba ile pasipokuwa na kioo. Huko alihamishia cherehani yake, akawa anashona kwa taa mchana kweupe, akiyavalisha madirisha ya mtaa mzima, yake yakibaki uchi.

Binti yake aliwahi kuuliza mezani, "Baba, kwani sisi ni mikate kwenye kabati la dukani?", na baba akacheka hadi machozi, akawa anawasimulia wateja kama utani mzuri. Mama hakucheka. Alichotaka kilikuwa kidogo, tofali tu upande wa kitanda, na kila alipokiomba alijibiwa kwamba kitafanyika kazi zikipungua, nazo hazikupungua.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akaamriwa kulala, na kitanda kilikuwa kule mbele, kwa hiyo kila aliyepita barabarani alimpungia mkono, naye akarudisha, hadi siku moja, mwishoni mwa Februari mwaka huu, alipomwambia mumewe, "Baba watoto, nimechoka kupunga." Baba akabeba godoro hadi kwenye korido, akalala naye pale, miguu yake mirefu ikitokeza jikoni, na hapo akamuuliza kwa nini hakuwahi kusema, mama akamjibu, "Nilisema, ulikuwa na mteja."

Wiki hiyohiyo baba aling'oa vioo vya chumbani na kuanza kujenga ukuta kwa mikono yake, lakini ulipofika usawa wa kifua mama alizidiwa, akapelekwa hospitali, na huko akaaga dunia Jumatatu, tarehe 11 Machi 2024, saa tisa alasiri, bila kulala ndani ya ukuta huo.

Jana seremala alileta jeneza lenye kidirisha cha kioo juu ya uso, kama yalivyo mengi, na baba, bila kuambiwa na mtu, akakitoa kioo kile akapigilia ubao, kwa hiyo leo hatutapita kumwona, na waliotoka mbali watuwie radhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na viti, mafundi wenzake wa cherehani, na vijana wa karakana ya baba waliochimba kaburi.

Pumzika kwa amani, Mama, hakuna anayekutazama.