Oleta Fenske na Simu ya Ijumaa

Oleta Marguerite Tolliver alizaliwa saa kumi na moja alfajiri, Jumanne tarehe 14 Novemba 1916, katika Bonde la Pruett, mashariki mwa Oregon, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Harlan Tolliver, mfugaji wa ng'ombe, na mkewe Edna. Mimi ni Russell, mtoto wa kaka yake, na familia imeniomba nisome historia hii, ambayo sehemu yake ya katikati nimeitoa katika maandishi ya marehemu mwenyewe, aliyeagiza yasipunguzwe.

Alianza shule ya bondeni, yenye chumba kimoja, mwaka 1922, akamaliza sekondari mjini mwaka 1934, na mwaka uliofuata gazeti la kila wiki la wilaya likamwajiri kuwa mwandishi wa habari za bondeni, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na tisa, akikusanya kwa simu habari za nani kapata mgeni, nani kauza farasi na nani kavunjika mguu. Alifunga ndoa na Wendell Fenske tarehe 11 Juni 1938, wakajaliwa watoto wawili, Lyle mwaka 1939 na Nadine mwaka 1942. Mwaka 1943 Wendell aliingia jeshi la wanamaji, akapelekwa Pasifiki.

Wakati huo nyumba saba za bondeni zilitumia waya mmoja wa simu, kila nyumba ikiwa na mlio wake, na simu ya jirani ilipolia watu waliinua mkono wa simu, wakaziba mdomo kwa kiganja, wakasikiliza. Jambo hilo lilijulikana na halikutajwa. Aliyepata habari kwa njia hiyo alingoja aambiwe upya, kisha akashangaa kwa adabu. Mzee Amos Gentry pekee ndiye aliyekuwa akijisahau, kama siku ile alipoingilia mazungumzo ya marehemu na kasisi, akasema, "Oleta, andika ndama wangu kazaliwa jana, mama na mtoto hawajambo, baba hajulikani." Bonde zima lilicheka wiki nzima, na hakuna aliyesema alikisikia wapi kichekesho hicho.

Tarehe 8 Machi 1945, mchungaji wa kondoo Domingo Arrizaga alimletea marehemu habari kwamba ameona mlimani, juu ya Kijito cha Sorrel, puto kubwa la karatasi lenye kamba na vyuma, naye akaiandika kwa mistari minne na kuipeleka gazetini. Haikuchapwa. Jumatatu tarehe 12, mkuu wa polisi wa wilaya alimpigia simu.

"Bi Oleta, ile ya puto imeondolewa. Limetoka kwa Mjapani, limevuka bahari likiwa na mabomu. Wanajeshi wamechukua walichokiona, lakini bomu moja halijapatikana, liko huko Sorrel chini ya theluji. Usiandike, na usimwambie mtu yeyote. Wajapani wakijua maputo yanafika, watayaleta mengi."

"Sitasema," alijibu. "Mume wangu yuko vitani."

Mazungumzo yalipokwisha, alisikia mikono sita ya simu ikirudishwa mahali pake, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo nyumba zote saba zilijua, lakini sita hazikuweza kukiri kwamba zinajua, na moja ilikuwa imeapa kunyamaza. Hakuna aliyekwenda Sorrel mwezi ule, na hakuna aliyemweleza mwenzake kwa nini haendi.

Tarehe 2 Aprili familia ya Maddock ilihamia bondeni kutoka Arkansas, ikaunganishwa kwenye waya kuwa nyumba ya nane. Ijumaa tarehe 20 Aprili, saa tatu asubuhi, marehemu alimpigia Bi Ione Maddock kuuliza habari za wiki.

"Habari gani, mwenzangu, sisi wageni hata jogoo hatuna," alisema Bi Ione. "Haya, andika kesho naenda na binti yangu Verlene kuokota uyoga. Theluji imeisha kule Sorrel."

Marehemu ameandika kwamba alitaka kusema, na kwamba alisikia pumzi za watu kwenye waya, na saa ya ukutani ya mjane Hedda Kroll, ambayo kila mtu aliitambua kwa mlio wake.

"Nyumba ya nani hiyo yenye saa inayochechemea?" Bi Ione aliuliza, akacheka.

Hakuna aliyejibu. Wao walimngoja marehemu aseme, kwa kuwa ndiye aliyeambiwa waziwazi, naye aliwangoja wao, kwa kuwa hawakuapa. Kisha akasema, "Vaeni viatu vizuri, kuna matope," akakata simu.

Bomu lililipuka Jumamosi tarehe 21 Aprili, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Verlene, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amemtangulia mama yake hatua chache, na alipoteza macho yote mawili. Wiki mbili baadaye, kusini mwa jimbo, bomu la namna hiyo liliua mama mjamzito na watoto watano, na kabla ya mwezi kwisha serikali iliruhusu habari za maputo zitangazwe. Gazeti letu lilichapa tarehe 31 Mei, na siku hiyo Bi Ione alimuuliza marehemu, "Kumbe hapa hakuna aliyejua?" Marehemu akajibu, "Hakuna."

Tangu Juni 1945, kila Alhamisi, kwa miaka hamsini na miwili, alikwenda kumsomea Verlene gazeti. Bi Ione alimpelekea pai ya tufaha kila Krismasi kwa shukrani, naye aliipokea, hadi Bi Ione alipofariki mwaka 1979 bila kuambiwa. Wendell alirudi salama vitani, akafariki mwaka 1991. Wale sita waliokuwa wakisikiliza kwenye waya wote wamekufa.

Marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini tarehe 6 Oktoba 1997. Jumapili tarehe 1 Februari mwaka huu, hospitalini, alimweleza Bi Verlene yote niliyoyasoma.

"Walikuwa akina nani?" Bi Verlene aliuliza.

Alitajiwa sita.

"Wa saba?"

"Mimi."

Bi Verlene alibaki kitini hadi saa kumi na mbili jioni. Hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe, na familia haitasema kwa niaba yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi minne, majirani waliolisha mifugo yake na kuondoa theluji mlangoni, wenzake wa gazetini, kasisi, na ninyi nyote mliofika kwa barabara hii mbaya. Shangazi, tunakuombea mapumziko mema.

Alifariki Jumanne tarehe 3 Februari 1998, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Waliokuwa chumbani ni binti yake Nadine, muuguzi mmoja, na Bi Verlene Maddock, aliyekuwa amefika tangu saa moja.