Nyonga Mpya na Mgongo Niliouficha

Bwana Yesu asifiwe sana, ndugu zangu wa Mugango! Nimeomba nafasi nisimame mbele yenu, ingawa ninachokuja kusema kinaniaibisha.

Mnaikumbuka nyonga yangu ya kulia. Ilikuwaga inasagana mfupa kwa mfupa, hata kwenda kuanika dagaa nikawa najikokota. Mungu akafungua mlango, nikaitwa hospitali kule Mwanza niwekewe nyonga ya bandia. Kabla ya upasuaji daktari akaniuliza, "Mama, uliwahi kuumia mgongo?"

Nikamjibu, "Hapana."

Ndugu zangu, nilidanganya! Zamani nilianguka kutoka juu ya lori la mihogo, mgongo ukakakamaa kama ubao. Lakini nilihofu wakianza kuushughulikia, nyonga itaahirishwa. Nilikuwa nimechoka kusubiri.

Wakaniwekea nyonga, nikarudi nyumbani natembea vizuri. Mkwe wangu Nyangeta, mke wa mwanangu Magesa, ndiye aliyeniogesha, akanipikia, akanitafutia kiti kirefu kama tulivyoelekezwa, akakiwekea na mto. Siku moja nimekaa kwenye kiti hichohicho, nikainama kidogo, nikasikia *ko!* Nyonga imechomoka. Wakanipeleka Musoma, wakairudisha. Baada ya wiki chache ikachomoka tena, kiti kilekile!

Hapo shetani akanipata. Mbele ya akina mama waliokuja kuniombea nikapiga kelele, "Nyangeta, umeniwekea nini kwenye kiti hiki?"

"Mama, nimeweka mto tu."

"Mchawi wewe! Toka kwangu!"

Alimbeba mtoto mgongoni akaenda kwa baba yake, kijijini Guta. Na mimi nilimwangalia akiondoka, nikaona nimeshinda.

Nyonga ikachomoka mara ya tatu, na Nyangeta hayupo. Nikarudishwa Mwanza. Safari hii daktari alinipiga picha nimesimama, kisha nimekaa. Akaziweka pamoja akasema, "Mama, mtu akikaa, mgongo hulegea na mifupa ya kiunoni hulalia nyuma kidogo, paja linapata nafasi. Mgongo wako hausogei. Kwa hiyo ukiinama, paja linagonga ukingo wa kikombe cha nyonga tulichokuwekea, na nyonga inachomoka. Tungejua mapema, kikombe tungekipanga kufuata mgongo wako."

Nililia! Daktari akadhani ni maumivu. Nikamwambia yote, tangu lile lori. Wakanipasua tena, wakakipanga upya, na mpaka leo haijachomoka. Utukufu kwa Bwana!

Nilipopata nguvu nilikwenda Guta. Nyangeta alikuwa anapalilia mahindi. Nikasema, "Mwanangu, nilikusingizia. Kosa lilikuwa mdomoni mwangu."

Akalilaza jembe lake chini. "Nimekusamehe, mama," akasema. "Ila kwako sirudi. Wale waliosikia bado wananiita lile jina."

Kila Jumamosi Magesa anakwenda Guta kumwona mtoto wake. Nyumba yangu imekuwa kimya, na ukimya huo nimeuleta mwenyewe.

Akina mama mliokuwepo siku ile, nawaangalia mmoja mmoja: Nyangeta si mchawi! Mlisikia uongo kutoka kwangu, basi leo sikieni ukweli kutoka kwangu, mkauseme sokoni na mwaloni wanakoshusha samaki.

Namshukuru Mungu aliyenisimamisha. Na wewe uliyeficha neno kwa hofu, mwamini Yeye, litamke mapema, kabla mtu mwingine hajabeba mzigo wako. Nyangeta aliubeba wangu. Niombeeni. Amina.