Fundi Dalmacio Faulan na Kitabu cha Kurasa Hamsini na Nane

Marehemu kaka yetu, Dalmacio Nobleza Faulan, mtoto wa tatu kati ya sita wa seremala Anacleto Faulan na mama Escolastica Nobleza, alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 hapa Miagao, mkoani Iloilo. Mimi ni Perpetua, mdogo wake anayemfuata. Familia imeniomba nisome maisha yake, na naomba radhi mapema, kwa kuwa yapo mambo yake ambayo mpaka leo hatujayaelewa.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha mwaka 1968 akaenda chuo cha ufundi Iloilo mjini. Baba alipofariki mwaka 1970, Manong, kama tunavyomwita kaka mkubwa, aliacha masomo akiwa amebakiza muhula mmoja. Hakulalamika. Ila tangu hapo alisoma kila karatasi iliyofungiwa samaki wakavu, akiinyoosha kwanza kwa kiganja.

Alifanya kazi miaka saba katika kiwanda cha sukari kisiwani Negros. Mwaka 1979 alirudi akafungua karakana nyuma ya soko, na pampu nyingi za mashamba yetu ya mpunga zilipita mikononi mwake. Tarehe 27 Desemba 1980 alifunga ndoa na Consorcia Monteclaro, wakajaliwa watoto wawili, Ludivina na Arnulfo.

Mwaka 1997 alianza kuandika kitabu cha mashine zote, kuanzia cherehani hadi kinu cha miwa. Alikiandika miaka kumi na moja, kurasa mia tisa na ushee, na kila alipokaribia mwisho alirudi mwanzo. Wachapishaji wawili walimrudishia. Siku moja tukiwa mezani, wifi Consorcia alimuuliza, "Dalmacio, hicho kitabu atakisoma nani?"

"Kila mtu."

"Huyo kila mtu anaishi wapi? Nitajie mmoja tu."

Manong alimeza tonge lake. Akanigeukia. "Petang, wewe si utakisoma?"

Nilimwambia kukipiga chapa kwa taipureta nitakipiga, lakini kukisoma sikuahidi.

Machi 2008 alikuja karakana mkulima mjane, Bi Basilisa Nacionales. Pampu yake ilikuwa imegoma kuwaka asubuhi tatu mfululizo, na mpunga ulikuwa unakauka. Manong alimweleza jinsi ya kutoa hewa iliyoingia kwenye paipu ya mafuta.

"Niandikie, Manong," akasema. "Nikifika mbele ya yule mkorofi nitakuwa nimesahau yote."

Akamwandikia nyuma ya karatasi ya kalenda. Wiki mbili baadaye mama huyo akarudi.

"Imewaka?"

"Iliwaka siku ileile. Karatasi ndiyo shida. Imeazimwa mpaka imechanika. Niandikie nyingine, na useme na moshi mweusi unatoka kwa nini."

Manong alirudi nyumbani akiwa ameduwaa. "Kurasa mia tisa hakuna anayezitaka," alituambia. "Karatasi ya kalenda wanaichana kwa kuigombea. Nimekosea wapi?"

Alinunua daftari jipya, akaandika juu kabisa jina la Bi Basilisa na shida yake. Halafu wiki nzima hakuongeza neno, maana kila sentensi iliyomjia ilikuwa ya kile kitabu kikubwa. Mwishowe alimwita mama huyo, akaanza kumsomea kila alichoandika. Mama akipiga miayo, Manong anakata. Sura ya historia ya injini, aliyoipenda kuliko zote, iliondoka hivyo, na siku hiyo hakula.

"Pampu Haiwaki Asubuhi" kilitoka Novemba 2008, kitabu cha kurasa hamsini na nane kinachoingia mfukoni. Kiliuzwa kwenye maduka ya vipuri na meza za samaki. Nakala elfu moja ziliisha kabla ya Pasaka, kikachapishwa tena mara sita. Yeye alisimama sokoni akiwatazama wanunuzi kama mtu aliyesalimiwa kwa jina lisilo lake. Nilimuuliza kama amefurahi.

"Sijui, Petang. Nilichokipenda kimekosa mtu. Hiki nilikuwa namjibu mama wa watu tu."

Mwaka 2016 figo zake zilianza kushindwa, ikabidi awe anakwenda mjini mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Agosti mwaka huu kitanda cha jirani kilipata mgonjwa mpya, Crisanto Tupas, dereva wa lori la miwa, ambaye siku ya kwanza alitetemeka kwa hofu mpaka kitanda kikalia. Manong alimtuliza. Jumamosi asubuhi, tarehe 10 Novemba 2018, moyo wa kaka yetu ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Katika mkoba wake wa hospitali tulikuta kurasa tisa alizomwandikia mtu anayeanza matibabu hayo. Hatujui kama ni barua au kitabu. Ukurasa wa mwisho unasema: "Utasikia baridi hata jua likiwaka. Vaa soksi. Mkono ukifa ganzi usivumilie, mwambie". Hapo ameishia.

Crisanto alipofika msibani juzi, Ludivina alimsomea zote. Crisanto akasema, "Muuguzi. Alikuwa ananiambia kila siku, mwambie muuguzi." Akaomba kalamu, akaliandika neno hilo kwa mkono wake, akatia nukta. Kisha akauliza kama anaweza kupewa nakala, kwa kuwa Jumatatu kuna mgonjwa mwingine anayeanza.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne na ndugu watatu.

Pumziko la amani liwe lako, Manong.