Fortunat Zihindula na Njia Zisizokuwa na Alama

Marehemu Fortunat Zihindula alizaliwa Katana tarehe 9 Machi 1983, kifungua mimba wa mama Clotilde. Familia ilihamia Goma akiwa mdogo. Alikuwa mwaka wa sita wa sekondari pale volkano ilipolipuka, tarehe 17 Januari 2002, na lava ikaimeza shule yao pamoja na nyumba. Diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, aliipatia Bukavu, kisha akarudi Goma kusomea elektroniki.

Mwaka 2009 aliajiriwa na kampuni ya intaneti yenye mitandao miwili: ule wa zamani wa mjini na ule mpya wa mlingoti wa Munigi, nje kidogo ya mji. Kila mmoja ulitafuta njia za kupitisha ujumbe kwa kanuni zake. Kazi yake ilikuwa kuchukua njia zinazojulikana upande huu na kuzitangaza upande wa pili, kwenye mashine ziitwazo swichi. Kila njia aliitia alama ya ilikotoka, isije ikarudishwa kwao kama habari mpya. Bila alama, njia iliyokufa hurudi ikionekana nzima, na ujumbe huzunguka humo hadi upotee.

Alimwoa Miriam mwaka 2012, wakakaa mtaa wa Ndosho. Siku ya posa aliwapangia wakwe vizibo vya bia mezani, kuwaonyesha jinsi ujumbe unavyofika Bukavu. Wakwe walidhani anataka kucheza drafti, wakamtafutia mpinzani.

Kazini alikuwa mkali, tena mno. Volkano ilipolipuka tena Mei 2021, fundi aliyekuwa chini yake, Adalbert, alifungua njia zote bila alama ili ampate mama yake Munigi, na mji mzima ukakatika.

"Bosi, ilikuwa mama," Adalbert alilia.

"Mama yako ni mutu moja. Muji ni batu bengi."

Akamfukuzisha kazi. Tunalisema hapa kwa sababu mwenyewe hakuwahi kumfichia mtu kosa.

Kuhusu ugonjwa hatuna la kusoma, hakuugua. Tarehe 27 Januari 2025, vita vikiwa vimeingia mjini, mlingoti wa Munigi ulizimika na Ndosho ikakatika. Asubuhi alikuwa amemwambia Miriam, "Usitoke na batoto mpaka nikuandikie." Sasa hakuweza kumwandikia. Akafungua njia zote bila alama, ujumbe upate popote pa kupita, kosa lilelile la Adalbert. Njia ya Munigi iliyokufa ikarudi kama nzima, na mji mzima ukanyamaza. Hata yeye hakuweza tena kuifikia swichi ya Ndosho kutoka ofisini, ikabidi aende huko kwa miguu, risasi zikilia, airekebishe kwa mkono.

Aliirekebisha. Miriam alikuwa tayari mlangoni, mzigo kichwani, akitoka na majirani kukimbilia Kituku, bandari ya ziwani, simu ilipolia: "Nimerudisha. Bakia hapo, niko nakuya." Akatua mzigo.

Fortunat hakufika. Kipande cha bomu kilimpata palepale kwenye kabati la swichi, simu ikiwa bado mkononi. Miriam alimngoja kama alivyoambiwa. Majirani walivuka ziwa salama wote. Mchana ule bomu jingine liliangukia ua wa nyumba yao.

Marehemu ameacha mama yake Clotilde, mjane wake Miriam na binti yake Nshobole. Mtoto wake Murhula, wa miaka sita, hatumtaji kati ya walioachwa. Jeneza lile dogo ni lake.

Mungu awalaze pamoja, baba na mwanawe.