Maji ya Mifupa

Kwenye basi la kwenda hospitali, mshonaji alimsikia mwashi aliyekaa mbele yake, viatu vimejaa saruji, akimwuliza mama wa pembeni, "Dada, hivi supu ni maji au mifupa?"

"Swali gani hilo, kaka?"

"Mke wangu ana siku nne hajala. Nesi kasema nimchemshie mifupa kwa saa tano. Nimechemsha, nikachuja vizuri, maji nikamwaga."

Mshonaji aliuma midomo asicheke.

Mama alifunua sufuria iliyokuwa mapajani mwa mwashi. "Kaka, umemwaga supu yenyewe!"

"Mbona yalikuwa ya manjano, mafuta yanaelea? Nikajua uchafu umetoka."

Basi likasimama hospitalini. Mwashi alikumbatia sufuria yake, asijue ashuke au arudi nyumbani, na mshonaji hakutaka tena kucheka.